Keratinosaiti zinagoma pasaji ya pili: je, niache majeraha ya moto nihamie saratani?

SWALI: Daktari, shikamoo. Niko mwaka wa kwanza wa uzamili katika baiolojia ya molekuli na ndoto yangu ni kufanya utafiti wa ngozi iliyoungua. Ninakuza keratinosaiti (seli kuu za tabaka la juu la ngozi) kutoka kwenye vipande vya ngozi vinavyobaki baada ya tohara ya watoto. Natumia midia (chakula cha seli cha majimaji) isiyo na seramu. Tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli, naisimamisha kwa DMEM (midia ya kawaida ya seli) yenye seramu ya ndama asilimia 10, nagawa seli kwenye sahani mpya (kila kuhamisha ni pasaji moja), na nasubiri sahani ijae kabisa ndipo nihamishe tena. Sahani ya kwanza hukua vizuri. Ya pili seli zinatanuka, zinakuwa bapa kama yai la kukaanga, halafu zinaacha kugawanyika. Mwenzangu ananishauri niachane nazo, nichukue seli za saratani ambazo hazigomi, na anasema hata ajira ziko huko. Nihame? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba. Umeuliza maswali mawili, na yote mawili jibu lake limo kwenye hiyo sahani ya pili. Tuanze na seli, kwa sababu ukielewa kwa nini zimegoma utaona mwenyewe kwamba moto na saratani si idara mbili.

Keratinosaiti huishi ikiamua jambo moja tu: iendelee kugawanyika, au ikomae iwe ngozi ngumu ya juu na kufa. Wewe umeisukuma kwenye ukomavu kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Njia ya kwanza ni kalisi. Midia isiyo na seramu hutengenezwa ikiwa na kalisi kidogo sana, kwa kawaida kati ya milimola 0.03 na 0.09 kwa lita. Ikivuka 0.1, seli zinaanza kushikamana na kukomaa. Sasa tazama unachomwaga ndani. DMEM ina kalisi milimola 1.8, na seramu ya ndama ina zaidi ya 3. Ukichanganya na tripsini nusu kwa nusu, hata ukitoa kalisi iliyokamatwa na EDTA (kemikali inayochanganywa na tripsini), inabaki zaidi ya nusu milimola. Ukiacha nusu mililita ya mchanganyiko huo ndani ya mililita 5 za midia mpya, unafika mpakani au unauvuka kabisa. Usiposafisha kabisa, ni kama umeziamuru zikomae.

Dawa yake ni rahisi. Simamisha tripsini kwa kizuizi cha tripsini kinachotokana na soya, kwa kiasi sawa na tripsini uliyotumia. Kama hukipati na huna budi kutumia seramu, zungusha kwenye sentrifuji dakika 5 kwa nguvu ya mara 250 ya uvutano wa dunia, mwaga maji yote ya juu, osha seli kwa midia yako yenyewe, kisha zungusha tena. Angalia hapo: ni nguvu ya uvutano, si mizunguko kwa dakika. Mashine nyingi zinaonyesha mizunguko, na idadi inayohitajika hutegemea upana wa rota. Wengi husaga seli zao bila kujua kwa kosa hili.

Njia ya pili ni kusubiri sahani ijae. Faibroblasti, seli za tabaka la chini la ngozi, zitakuvumilia, keratinosaiti hazitakuvumilia. Zikigusana pande zote zinaanza kutengeneza involukrini (protini ya ukomavu) na kupandiana, na zikishafika huko hazirudi. Hamisha sahani ikiwa imejaa asilimia 70, isizidi 80. Ni afadhali uhamishe Jumapili mchana kuliko kusubiri Jumatatu.

Na tripsini yenyewe, usiiamini saa. Tumia asilimia 0.05 yenye EDTA asilimia 0.02, kwenye nyuzi 37, na utazame kwa hadubini kila baada ya dakika 2. Seli zikiwa mviringo na kuanza kuachia, gonga sahani kidogo kwa kiganja na usimamishe. Kwa kawaida ni kati ya dakika 4 na 8. Zikikaa robo saa, protini za kushikilia zilizo juu ya seli zimeshaliwa, na nusu ya seli hazitashika sahani mpya. Ukiona hivyo utadhani zimezeeka, kumbe zimejeruhiwa.

Hapo mwanzo kabisa, unapopokea kipande cha ngozi, ukisafirishe kwenye midia yenye penisilini yuniti 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa mililita, kikiwa kwenye barafu lakini kisigande, na ukishughulikie ndani ya saa 24. Osha mara tatu, ondoa mafuta kwa mkasi, kata vipande vyembamba vya milimita 2 hadi 3, vilaze kwenye dispesi, kimeng'enya cha kutenganisha tabaka za ngozi, usiku kucha kwenye jokofu la nyuzi 4. Asubuhi epidemisi (tabaka la juu) inabanduka kwa koleo kama ganda la kitunguu. Isipobanduka, vipande vilikuwa vinene au dispesi imepoteza nguvu. Usivute kwa nguvu, maana utavuta na demisi (tabaka la chini), na faibroblasti zitakuja kutawala sahani nzima baada ya wiki moja.

Ukirekebisha hayo na bado zikagoma, hapo ndipo pa kuuliza kama zimezeeka kweli. Hesabu mara zilizogawanyika: chukua idadi uliyovuna, gawa kwa uliyopanda, tafuta logi ya msingi wa 2. Ulipanda 200,000 ukavuna 1,600,000? Zimegawanyika mara 3. Jumlisha kila pasaji. Seli za mtoto zikikoma baada ya mara 5 au 6, lawama ni ya mikono. Zikikoma baada ya mara nyingi, ukazipima na kukuta zimejaa protini ya p16, breki ya kugawanyika kwa seli, huo ni uzee wa kweli wa seli. Bila hesabu hii unabaki kubahatisha, na nasisitiza uiandike kwenye daftari tangu sahani ya kwanza.

Kuna njia nyingine ambayo nakusihi ujifunze hata kama ni ngumu zaidi: kukuza juu ya seli-walezi. Mwaka 1975 James Rheinwald na Howard Green, wakiwa MIT kule Marekani, walionyesha kwamba keratinosaiti za binadamu hukua kwa makundi makubwa zikilelewa na seli za panya ziitwazo 3T3 ambazo zimezuiwa kugawanyika. Walezi hao hutoa vitu vya kukuza na pia huwanyima faibroblasti za mgonjwa nafasi. Mwaka 1977 wakaongeza EGF, protini inayochochea seli za ngozi kukua, na umri wa seli ukapanda kutoka vizazi kama 50 hadi 150. Hapa kalisi ya juu ya DMEM haizisimamishi seli kama ilivyokufanyia wewe, kwa kuwa mazingira yote ni tofauti. Usichanganye mapishi mawili. Ama huku ama kule.

Midia yake ni DMEM sehemu 3 na Ham F12 sehemu 1, seramu ya ndama asilimia 10, insulini mikrogramu 5 kwa mililita, haidrokotisoni mikrogramu 0.4, adenini mikrogramu 24, pamoja na sumu ya kipindupindu na homoni ya thairoidi iitwayo T3 kwa kiasi kidogo sana. EGF nanogramu 10 kwa mililita, lakini iongezwe siku ya tatu, seli zikiwa zimeshatulia. Walezi wapandwe kama 20,000 kwa kila sentimita ya mraba. Wazuiwe kwa mitomaisini C mikrogramu 4 kwa mililita kwa saa 2, kisha waoshwe mara tatu bila uvivu, kwa kuwa mitomaisini iliyobaki itaua na wageni wako. Kila unapotengeneza kundi jipya la walezi, acha sahani moja ya walezi peke yao kwa siku 10. Ukiona hata kundi moja linakua, tupa zote. Na 3T3 zenyewe zisiachwe zijae sahani zikiwa akibani. Zikishazoea kujaa hubadilika tabia na huacha kuwa walezi wazuri.

Kwa njia hii ndipo majeraha ya moto yalipopata ngozi ya maabara. Mwaka 1984 timu ya Boston ilitoa taarifa ya watoto wawili, ndugu, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Vipande vidogo vya ngozi ya kwapa vilikuzwa hadi vikafunika karibu nusu ya miili yao. Mtu wa fani lazima pia ajue palipokwama. Shuka hizo ni tabaka chache tu za seli. Zikibanduliwa kwa dispesi husinyaa, zinachubuka kwa mguso, na kolajeni ya aina ya VII inayozifunga chini huchukua miezi kukomaa. Penye bakteria wa sudomonasi huyeyuka. Penye demisi hushika vizuri zaidi, ndiyo maana madaktari waliweka kwanza demisi ya kutolewa na mtu mwingine, au ya kutengenezwa kama ile ya Burke na Yannas ya mwaka 1981, ndipo wakaweka seli juu. Kule Perth, Australia, Fiona Wood na Marie Stoner wakaacha kusubiri shuka na kupuliza seli moja kwa moja kwenye jeraha.

Sasa swali lako la pili. Rheinwald huyohuyo hakuiacha kazi hii ya keratinosaiti. Alichukua sahani ileile akaweka seli za saratani. Mwaka 1980, akiwa na Michael Beckett, alionyesha jambo ambalo kila anayegusa fani hii anapaswa kulijua. Chukua keratinosaiti za kawaida, zining'inize kwenye uji mzito wa selulosi ya methili zisiguse kitu. Ndani ya saa 24 karibu zote zimekomaa na haziwezi tena kuanzisha kundi. Fanya hivyo kwa seli za saratani ya ngozi aina ya skwamasi, inayotokana na keratinosaiti: nyingi zinabaki na uwezo wa kugawanyika. Saratani, kwa seli hii, ni kupoteza utii wa kukomaa. Kinachokukera kwenye sahani yako ya pili ni breki ileile ambayo uvimbe umeivunja. Na p16 inayozizeesha seli zako ni miongoni mwa breki zinazopotea mara nyingi sana katika saratani hizo.

Kwa hiyo ushauri wa mwenzako naukubali nusu. Seli za saratani zina nafasi yake, ila "hazigomi" si sifa ya kuchagulia. HaCaT, keratinosaiti za maabara ambazo wengi huzichukua kama ngozi ya kawaida, hazifi lakini jeni ya p53, breki nyingine ya saratani, imeharibika kwenye nakala zote mbili. Ukiuliza swali la p53 kwa HaCaT, jibu lake si la ngozi ya mtu. A431, seli za saratani ya skwamasi, zina vipokezi vya EGF vingi kupita kiasi, na kiwango kilekile cha EGF kinachokuza keratinosaiti zako huzikwamisha zenyewe. Anayejua seli ya kawaida inavyopaswa kutenda ndiye anayeona hitilafu hizi mapema, na ujuzi huo hujengwa na kazi unayotaka kuiacha.

Kwa eneo letu kuna sababu nyingine. Kovu la moto lisilopona vizuri, likipasuka na kufunga miaka nenda rudi, linaweza kugeuka saratani ya skwamasi. Ndicho kidonda cha Marjolin. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2012 mapitio ya wagonjwa 56, na makovu ya moto ndiyo yaliyokuwa chanzo kwa walio wengi. Swali la kovu lipi linageuka, na seli zake zilipoteza nini kwanza, liko wazi mbele yako, na wagonjwa wake wako hapa. Usiruke tu hadi kusema kila kidonda sugu ni saratani. Kinachotenganisha ni biopsi (kipande kidogo cha kupimwa) ya ukingo, si macho.

Ningekuwa msimamizi wako ningekuwekea kazi mbili kwa pamoja. Moja, keratinosaiti kama nilivyoeleza, mpaka upate pasaji nne mfululizo zenye hesabu. Nyingine haihitaji inkubeta wala haiogopi umeme kukatika: vipande vya kidonda cha Marjolin vilivyohifadhiwa kwenye nta katika maktaba ya patholojia, vipakwe rangi ya p16, p53 na Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika), vikilinganishwa na kovu tupu na ngozi nzima ya jirani. Kabla ya kugusa kimoja, pata kibali cha kamati ya maadili ya chuo na cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kwa ngozi za tohara, ridhaa ya mzazi iandikwe kabla ya upasuaji, si baada.

Kagua pia jinsi vipande vilivyohifadhiwa. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa bafa, ujazo mara 10 ya nyama, kwa saa 24. Chombo kilichokaa na fomalini wiki mbili kikisubiri gari kitakupa p53 hasi ya uongo, na DNA yake itakuwa imekatika kiasi kwamba PCR (kunakili DNA) ya zaidi ya herufi 200 haitatoka. Uliza mhudumu wa maabara tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kuwekwa kwenye nta, uziandike zote mbili kwenye jedwali lako, na vile visivyo na tarehe uvitenge kabla hujaanza kupaka rangi.