Maswali ya gari: Nichukue kompaundi ipi, nzito au laini?

Habari za kazi fundi. Nina Toyota IST ya bluu iliyoiva, nimehamia Goba na njia ya kuingia nyumbani ina michongoma kushoto kulia, sasa ubavu mzima umejaa mistari myeupe kuanzia fenda ya mbele mpaka taa ya nyuma. Nimeenda maduka ya Gerezani, Kariakoo, nikaonyeshwa vitu vitatu, kopo la kompaundi nzito (dawa ya kusugulia rangi ya gari), chupa ya kompaundi ya maji maji na kichupa kidogo kimeandikwa skrachi rimuva, yani kitoa mikwaruzo. Muuzaji anasema chukua nzito ndo inakula kila kitu. Nichukue ipi? Mashine sina, ni mikono yangu tu. (Dada wa Goba, Dar es Salaam)

Dada yangu, hilo kopo liache dukani kwanza. Muuzaji hajakudanganya, inakula kweli, ila ujue inakula nini. Kompaundi haijazi mkwaruzo na wala hairudishi rangi iliyotoka. Kazi yake ni kusaga. Ndani yake kuna chembe ngumu, mara nyingi ni aluminiamu oksaidi, zinazokula rangi nzima iliyo pembeni ya mkwaruzo mpaka usawa wa juu ushuke ufike chini ya mkwaruzo, hapo ndo jicho halioni tena mstari. Kwahiyo kila ukisugua unapunguza kitu ambacho hakirudi, na hicho kitu ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Gari kama yako ina praima chini, yani rangi ya msingi, juu yake rangi yenyewe ya bluu, alafu juu kabisa ni klia, ile ngozi isiyo na rangi ndo inatoa mng'ao na ndo inakinga jua. Klia ya kiwandani mara nyingi ni kama maikroni 35 mpaka 50 hivi, na maikroni 1000 ndo milimita moja, sasa piga hesabu mwenyewe. Umeshaziona gari boneti na paa zimepauka zimeanza kubabuka vipande vipande? Pale klia imekwisha, na hamna kompaundi duniani ya kuirudisha, ni kupiga rangi upya.

Kabla hujanunua chochote, osha huo ubavu kwa maji mengi na shampuu ya gari, kausha vizuri, alafu ukague. Michongoma huwa inaacha vitu viwili pamoja, mikwaruzo ya kweli na utomvu wa majani uliokaukia juu ya rangi, na huo utomvu ukishaoshwa unaweza ukashangaa nusu ya mistari imeondoka yenyewe. Iliyobaki imwagie maji kidogo. Mstari ukipotea ukiwa umelowa alafu ukarudi ukikauka, uko kwenye klia, huo unatoka au unapungua sana. Baada ya hapo pitisha ukucha kwa kuukatiza mstari, taratibu bila kukandamiza. Ukucha ukiteleza bila kuhisi kitu, upo salama. Ukinasa, huo ni mrefu kwenda chini, na ukiufukuza mpaka uishe utakuwa umeimaliza klia kabla yake. Na ukiona kijivu ambacho hata maji hayakifichi basi umefika kwenye praima, pale tafuta rangi ya kugusia kwa kutumia namba ya rangi iliyoko kwenye kibati cha gari (Toyota nyingi angalia penye C/TR au COLOR), unadondoshea kidogo kidogo kwa kijiti au brashi nyembamba. Kompaundi pale ni hasara tupu.

Haya, sasa kuchagua. Ile nzito ya kopo, zile za jamii ya Farécla G3 mfano, ni nzuri sana na mafundi rangi wanazipenda kwa haki kabisa, lakini kazi yake hasa ni kufuta alama za msasa laini wa namba 1500 au 2000 baada ya kupiga rangi, inafanywa na maji na mashine, na fundi anajua baada ya hapo anakuja na nyingine laini ya kurudisha mng'ao. Ukiisugua kwa mkono kwenye bluu iliyoiva bila hiyo hatua ya pili, mistari ya michongoma itaondoka na badala yake utabaki na ukungu na vimikwaruzo vidogo vidogo maelfu, jua likipiga unatamani ile mistari ya zamani irudi. Rangi zilizoiva haziwezi kuficha kitu.

Kile kichupa cha skrachi rimuva nacho soma nyuma yake. Vingi ni kompaundi laini iliyochanganywa na mafuta ya kufunika, sio kitu kibaya, ila bei yake ukilinganisha na ujazo unaumia bure.

Mimi ningekwambia chukua chupa ya maji maji ya daraja la kati, iliyoandikwa inafaa kwa mkono na ni salama kwenye klia. Meguiar's Ultimate Compound ni ya aina hiyo, na ukipata ya kampuni nyingine yenye maelezo kama hayo chukua tu, jina sio dini. Usichotakiwa kukosea ni daraja. Turtle Wax wana makopo mawili yanayofanana, la rubbing ni la kusaga zaidi na la polishing ni laini, watu wanabeba la kwanza kwa haraka. Menzerna wa Ujerumani wanaandika namba, 400 ni kali, 2500 ni ya kati, 3500 kwenda juu ni ya kumalizia, yani namba ikipanda ukali unashuka. Koch-Chemie wao ni herufi, H nzito, F ya kati na M ndo laini kabisa. Na ikiwa unasita kati ya chupa mbili beba laini, kwasababu laini ikishindwa unarudi dukani kununua kali, ila kali ikishapita hamna pa kurudi.

Namna ya kuifanya. Gari iwe kivulini na bati liwe la baridi, ukiweka kiganja usisikie joto, kwa Dar hiyo ni asubuhi mapema au jioni jua likishaondoka. Bandika maskin tepu ya karatasi kwenye kingo zote za milango na kwenye plastiki nyeusi, kingo rangi yake huwa nyembamba kuliko sehemu nyingine na ndo zinawahi kukwanguka, na plastiki nyeusi ikishaingiwa na kompaundi inabaki na madoa meupe ambayo kuyatoa ni kazi nyingine. Anzia chini ya mlango wa nyuma, sehemu ambayo hata ukikosea haionekani sana. Weka tone la ukubwa wa kifungo cha shati kwenye sponji yake, fanya eneo la viganja viwili tu, nenda mbele nyuma kwa mistari iliyonyooka, mwanzo kwa nguvu ya wastani alafu mwishoni mkono uwe mwepesi. Futa na kitambaa safi cha maikrofaiba, washa tochi ya simu, uangalie kwa kuinamisha. Imetoka? Endelea na eneo lingine. Bado kidogo? Rudia mara moja. Bado tena, iache ilivyo. Hata mkwaruzo ambao haujaisha, zile kingo zake zikishalainishwa haushiki mwanga kama mwanzo, na mtu akisimama hatua mbili hauoni.

Ukimaliza osha, kausha, paka wax (nta ya kukinga rangi), kwasababu hapo umeiacha klia uchi. Na tafadhali ongea na majirani hiyo michongoma ikatwe, maana ubavu huo hauwezi kufanyiwa hivi kila baada ya miezi mitatu.

Salaam fundi. Mimi ni mstaafu niko Nakuru, niko na pikapu Hilux nyekundu ya zamani, imepauka na kuna mikwaruzo ya kubeba nyasi za ng'ombe. Nimeanza kusugua na kompaundi na kitambaa kinatoka chekundu kabisa. Nimeogopa nikaacha. Nimeharibu? (Msomaji, Nakuru)

Shikamoo mzee wangu. Hujaharibu, na umefanya vizuri kusimama ukauliza. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari maana yake gari haina klia, imepigwa rangi ya tabaka moja tu, na gari nyingi za zamani hasa nyekundu na nyeupe zilikuja hivyo. Unachokitoa ni ile rangi ya juu iliyokufa kwa jua, ndo ule unga unga, na chini yake bado kuna nyekundu nzuri. Nyekundu ndo inaonewa na jua kuliko rangi nyingi.

Kwako wewe kompaundi laini inatosha kabisa kwasababu rangi iliyokufa haina ubishi, nzito usiiguse. Badilisha upande wa kitambaa mara kwa mara maana ule unga ukijaa unasugulia uchafu. Kuwa makini juu ya paa na mgongo wa boneti, pale ndo pameliwa na jua miaka yote, ukianza kuona kivuli cha kijivu kinachungulia simama hapo hapo. Alafu paka wax siku ile ile, usilale, rangi ya namna hii bila kinga inarudi kupauka upesi. Ila mzee ikiwa gari ilishawahi kupigwa rangi gereji juu ya klia, au kitambaa kinatoka chekundu mlango mmoja na kwingine hakitoki, basi una rangi za aina mbili kwenye gari moja, kila bati lijaribu peke yake.

Fundi, nililipia polishi ya kutoa mikwaruzo sehemu moja ya kuoshea magari hapa Mombasa. Gari nyeusi, ikang'aa kama mpya. Wiki chache tu mikwaruzo yote imerudi na sasa kuna miduara miduara juani. Nimeibiwa? (Msomaji, Nyali)

Ndugu yangu, mikwaruzo haikurudi, haikuwahi kuondoka. Kuna polishi zenye mafuta na vijazio vinavyolala ndani ya mkwaruzo, gari inapendeza, alafu sabuni na jua vikishapita mara kadhaa vinatoka. Sio sumu na haviharibu rangi, ila mteja aambiwe mapema kwamba anafunikiwa, asiambiwe anatolewa. Ile miduara ni alama ya pedi chafu au mashine ya kuzunguka iliyotumiwa na kompaundi kali bila hatua ya kumalizia.

Safari ijayo kabla hujalipa, omba sehemu moja ifutwe na spirit iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Spirit inabeba yale mafuta, kinachobaki ndo kazi halisi. Anayejua kazi yake hatakataa.

Dawa ya meno inatoa mikwaruzo? (Msomaji, Dodoma)

Ina chembe za kusaga ila dhaifu sana, inaweza kupunguza alama nyepesi ya kucha chini ya kitasa, basi. Unga wa kusugulia sufuria na stili waya usivisogeze karibu na gari kabisa, hata kwa jaribio.

Shikamoo fundi. Nataka kununua mashine nianze kazi ya kupiga polishi hapa Arusha, rafiki ananiuzia ya kuzunguka, bei nzuri, na pedi ya manyoya. Kompaundi nianze na ipi? (Kijana, Arusha)

Marahaba kijana wangu. Nimefurahi unauliza kabla ya kuwasha. Hiyo ya kuzunguka, rotari, inazunguka sehemu moja tu na inapandisha joto haraka, ukisita kidogo kwenye kona umeshafika praima. Pedi ya manyoya nayo ndo pedi inayokata kuliko zote. Weka na kompaundi nzito juu yake, umejumlisha vikali vitatu kwa mpigo, na mkono bado haujazoea. Ukipata ile inayozunguka huku inatikisika, wanaiita DA, anza nayo hata kama bei imezidi, inasamehe.

Kompaundi nunua mbili, ya kati na ya kumalizia, na pedi za sponji za kutosha, kila kompaundi na pedi yake, usichanganye. Kila gari anza na pedi laini na kompaundi laini kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40, angalia na taa, ikishindwa badili pedi kwanza, kompaundi ndo ifuate. Rangi hazifanani, Honda nyeusi nyingi ni laini zinakwaruzika hata na kitambaa, ila Mercedes kuanzia mwisho wa 2003 zilianza kuja na klia ngumu yenye chembe za seramiki, pale laini utasugua mpaka jioni. Huwezi kujua kwa kuangalia, unajua kwa kujaribu.

Kabla ya gari ya mtu, nenda gereji yoyote ya bodi omba boneti bovu waliloling'oa, lichore mikwaruzo, lifanyie kazi, alafu makusudi kaa kwenye ukingo mpaka rangi itoke. Unatakiwa uijue ile hali ilivyo, harufu yake na jinsi bati linavyopata moto, kabla haijakukuta kwa mteja.

Pesa ikipatikana nunua kipimo cha unene wa rangi. Kiwandani jumla ya matabaka yote huwa kama maikroni 100 mpaka 150, ukisoma 300 pale palishapigwa rangi upya, ukisoma chini ya 80 mwambie mteja pale hugusi na umuonyeshe namba aione mwenyewe. Vipimo vya kawaida vinasoma juu ya chuma tu, kwenye bampa ya plastiki havisomi, kwahiyo bampa nenda na pedi laini na mwendo wa chini, maana plastiki haisambazi joto kama bati na rangi yake inaungua upesi.