Kisigino Kinauma Asubuhi: Hakuna Mshipa Uliohama

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, naishi Uyole, Mbeya. Nilianza kukimbia miezi miwili iliyopita na sasa napandisha vilima. Pumzi ninayo, vigimbi vimejaa, lakini nikiamka nyuma ya kisigino panakaza na kuuma, nikitembea kidogo panaachia. Mchuaji anasema mshipa umehama, dukani wananishauri sindano. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kinachouma ni kano, ule ukanda mgumu unaoshikiza kigimbi kwenye mfupa wa kisigino. Msuli hupata damu nyingi, na ndani ya miezi miwili unakuwa umeongezeka nguvu. Kano hupata damu kidogo na huchukua miezi mingi kukomaa. Vigimbi vyako vipya vinavuta kano ya mwaka jana, na kilimani ndiko inakovutwa zaidi.

Wachuaji wananichosha. Kila mara napokea mtu aliyekandamizwa kidole gumba mahali palepale panapouma, akamwagiwa maji ya moto, akarudi amevimba. Kano haihami, na haijengwi kwa kidole. Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ni mbaya zaidi: maumivu yanatulia, kano inadhoofika, nawe unarudi mbioni ukijiona umepona. Siku inapokatika, mtu huhisi kama amepigwa teke kwa nyuma. Akigeuka, hakuna mtu.

Kulala tu nako hakusaidii, maana kano isiyobeba mzigo hulegea. Acha vilima, kimbia tambarare, punguza kilomita. Simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, jiinue kwa miguu yote miwili, kisha ushuke polepole kwa mguu unaouma peke yake. Mara 15, mizunguko 3, asubuhi na jioni, wiki 12. Mpango huu unafuata ule aliouandika Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Sweden, mwaka 1998. Maumivu madogo yavumilie. Yakizidi asubuhi inayofuata, punguza. Kama panauma chini kabisa, kano inaposhika mfupa, fanyia sakafuni, kisigino kisishuke kupita hapo.

Na nyote mnaonunua siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, dukani bila cheti kila tumbo linapovuruga: dawa hiyo inaweza kudhoofisha kano hadi ikakatika, hasa kwa aliyevuka miaka 60 au anayetumia steroidi. Ukiwa unaimeza na kisigino kikaanza kuuma, acha mazoezi na umwone daktari siku hiyohiyo akubadilishie dawa.