Muulize Fundi wa Fataki: rimoti, waya, na nani amesimama karibu

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja, rimoti za kuwashia fataki. Nimechukua nne. Nimezifupisha kidogo tu.

SWALI: Shikamoo mama. Tumenunua seti ya rimoti yenye vitufe 12 na visanduku vitatu vya kuunganishia waya. Mdogo wangu anashikilia kwamba rimoti ndiyo inayowasha fataki. Mimi naona haiwezekani, moto haupiti hewani. Ni kitu gani hasa kinachotokea pale tunapobonyeza?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeona sawasawa. Rimoti haiwashi chochote, inatuma ujumbe tu kwa mawimbi ya redio. Kile kisanduku, ambacho kazini tunakiita risiva, kinakaa kimesikiliza. Kikisikia msimbo wake kinafungulia umeme wa betri yake chenyewe uende kwenye chaneli, yaani tundu la waya, uliyoitaja, na umeme huo unapita kwenye waya hadi kwenye kiberiti cha umeme. Moto unazaliwa hapo mwishoni, kwenye ncha ya waya, ndani ya fataki yenyewe.

Siku moja kiangalie kiberiti hicho kwa karibu, bila kukiunganisha na chochote. Kichwa chake ni kidogo kama cha njiti ya kibiriti, kimefunikwa kifuniko laini cha plastiki. Ndani kuna uzi wa chuma mwembamba kama unywele, umepakwa dawa inayoshika moto upesi. Umeme ukipita, uzi unakuwa mwekundu na dawa inalipuka. Kwa kawaida kiberiti kimoja kina ukinzani wa omu 1 hadi 2, na kwa aina nyingi nusu ampea inatosha kukiwasha, ingawa sisi tunapenda kipate ampea 1 au zaidi ili kisisite. Kifuniko kile usikivue kamwe. Dawa ile haiogopi umeme peke yake. Ikisuguliwa au ikigongwa inaweza kuwaka.

Hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Chukua waya wa shaba wenye unene wa nusu milimita, uuvute mita 30. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba, sawa na omu 5 na kitu. Ongeza kiberiti kimoja cha omu 1.5. Kwa betri ya volti 12 unapata karibu ampea 1.8, na hiyo inatosha vizuri. Sasa funga viberiti kumi kwa mfululizo kwenye waya uleule: omu 15 za viberiti, omu 5 za waya, na kilichobaki ni ampea 0.6 tu. Vile vyepesi kushika vitawaka kwanza, vikishakatika umeme nao umekatika, na vingine vinabaki vimelala na dawa yao yote. Mtu anasema rimoti ni mbovu, kumbe rimoti ilifanya kazi yake yote. Kabla ya kufunga vingi pamoja, soma mtengenezaji wa risiva ameruhusu vingapi kwa chaneli moja, kisha ubaki chini ya idadi hiyo.

Kama seti yako ni ile ya kibanio kinachobana utambi kwa nje, fahamu kwamba kinaupasha utambi moto taratibu. Utabonyeza, zitapita sekunde moja au mbili, ndipo uone moshi. Usibonyeze tena na tena kwa wasiwasi.

SWALI: Fundi, jirani ana geti la rimoti, na watu wote kwenye sherehe watakuwa na simu. Je, geti likifunguliwa fataki zinaweza kuwaka? Na boksi limeandikwa mita 100, lakini kwenye jaribio ilishika mita 40 tu.

JIBU: La geti linawezekana, usilipuuze. Seti nyingi za kawaida hutumia masafa ya megahezi 433, na rimoti nyingi za mageti, funguo za magari na kengele za mlangoni zinazungumza hapohapo. Kuwa kwenye masafa mamoja peke yake si tatizo, kwa kuwa risiva inasubiri msimbo wake. Tatizo ni seti zenye msimbo mmoja usiobadilika. Kiwanda kinatoa maelfu, misimbo inajirudia, na siku mwenye seti kama yako anabonyeza ng'ambo ya ukuta, risiva yako haina njia ya kujua kwamba siye wewe. Mifumo ya kitaalamu ina utambulisho wa pekee kwa kila jozi, ujumbe umefichwa kwa msimbo mgumu, na risiva inajibu ili ujue imekusikia. Zaidi ya hayo inataka hatua mbili: kwanza uamuru iwe tayari kwa kugeuza ufunguo, kisha ndipo ubonyeze. Ukinunua, hilo la hatua mbili ndilo ningeliulizia kabla ya idadi ya vitufe.

Fanya jaribio hili siku mbili kabla. Washa risiva mahali penyewe patakapotumika, kila chaneli ikiwa imefungwa taa ndogo ya LED badala ya fataki, kisha iache saa nzima. Fungua geti, fungua magari, bonyeza kengele. Taa ikiwaka hata mara moja bila rimoti yako, seti hiyo haifai kukaribia baruti.

Simu haitatuma msimbo wa risiva yako. Ninachokiangalia mimi ni waya. Waya mrefu uliolala wazi ni antena, na kifaa chochote cha kurusha mawimbi kikisogezwa karibu mno kinaweza kuamsha umeme kidogo ndani yake, hasa redio za mkononi zenye nguvu. Ndiyo maana ncha mbili za kiberiti hukaa zimesokotwa pamoja hadi dakika ya kuziunganisha, na redio na simu tunaziweka kando tunapofunga waya. Kukiwa na radi, hata ya mbali, tunaacha kazi na tunaondoka pale.

Kuhusu mita 40: namba ya boksi hupimwa uwanda mtupu. Wimbi la megahezi 433 lina urefu wa karibu sentimita 69 na linazunguka vizuizi kwa kiasi fulani. La gigahezi 2.4 lina sentimita 12 na nusu tu, na miili ya watu, iliyojaa maji, inalimeza. Ulijaribu uwanja ukiwa mtupu. Usiku wa sherehe kutakuwa na umati katikati. Inua risiva isilale kwenye ardhi yenye unyevu, antena isimame wima, na simama mahali unapoiona kwa macho.

Nami nakuomba jambo moja kwa dhati. Ikikataa kuwaka, usitembee kuelekea kwenye fataki huku ukibonyeza. Nimewaona watu wakifanya hivyo, hatua moja, bonyeza, hatua nyingine, bonyeza, mkono umenyooshwa mbele. Mtu wa namna hiyo anautafuta ujumbe upokelewe pale pale ambapo yeye hatakiwi kuwapo. Rimoti imenunuliwa ili akae mbali, naye anaitumia kujisogeza karibu.

SWALI: Betri za risiva nilizipima zikasoma volti 12 kamili, lakini fataki tatu kati ya kumi hazikuwaka. Kwa nini?

JIBU: Ulizipima zikiwa zimepumzika. Betri iliyochoka husoma vizuri ikiwa haifanyi kazi, ikidaiwa ampea moja inaanguka. Weka mpya zote kwa pamoja, za aina moja, usichanganye na za zamani. Za rimoti pia.

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mjomba ndiye msimamizi wetu wa fataki. Tunapounganisha waya anataka risiva iwe imewashwa ili aone moja moja taa za kijani zinazoonyesha waya umeshika, na rimoti anaiweka mfukoni. Mwaka jana bomba moja la kurushia fataki halikuwaka akaenda kulichungulia papo hapo. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nitakujibu kwa kirefu.

Nilipokuwa bado najifunza kazi, mwenzangu aliwasha risiva ili aone kama betri ina nguvu. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, kiberiti cha umeme kiko kati ya kidole gumba na cha shahada, ncha za waya tayari nimezibana kwenye chaneli ya kwanza. Rimoti ilikuwa ndani ya begi, zipu imefungwa. Nilisikia pwa, sauti ndogo kama kifuniko cha chupa. Nikaona mweupe mbele ya macho. Kidole gumba kilikuwa cheusi, na harufu ya ngozi na dawa iliyoungua ilikaa nami siku nzima. Kovu lipo hadi leo. Kiberiti kile kilikuwa peke yake. Kingekuwa kimekwisha kuingizwa ndani ya bomba, nami nimeinama juu yake kama tunavyoinama sote tukifunga waya, nisingekuwa nakuandikia.

Baadaye tuliijaribu ile risiva kwa viberiti vitupu vilivyozikwa kwenye ndoo ya mchanga, sisi tukiwa mbali. Tuliiwasha mara kumi. Mara nne ilitoa umeme kwenye chaneli ya kwanza kwa kuwashwa tu.

Kwa hiyo ninachokijali kabla ya kitu kingine chochote ni nani yuko karibu wakati risiva ina umeme. Kuunganisha kunafanywa risiva ikiwa imezimwa, na ikiwezekana betri ikiwa nje. Ufunguo, au rimoti yenyewe, au ile betri, anakaa nayo yule anayeinama kwenye mabomba. Akimaliza anaondoka, anahesabu watu wake wote, ndipo risiva inawashwa na taa za kijani zinaangaliwa. Kipimo cha taa zile hupitisha umeme mdogo sana, sehemu chache za elfu za ampea, na risiva isiyo na hitilafu haitawasha kiberiti kwa umeme huo. Lakini ile risiva iliyoniunguza nayo ilidhaniwa kuwa haina hitilafu. Taa moja isipowaka, zima tena, toa betri, ndipo urudi kuangalia waya.

Na umbali. Kanuni ya Marekani, NFPA 1123, inataka futi 70 kwa kila inchi ya kipenyo cha bomu la fataki, yaani karibu mita 21. Bomu la inchi 3 linadai watazamaji wakae mita 64. Tarehe 4 Julai 2012, huko San Diego, onyesho lililopangwa kuchukua kama dakika 18 liliwaka lote kwa pamoja chini ya nusu dakika, maelfu ya fataki, kwa sababu ya hitilafu ya programu ya kompyuta. Hakuna aliyeumia. Fataki zilikuwa kwenye matishari majini na watu wako mbali. Hakuna kompyuta iliyowaokoa. Waliokolewa na yule aliyepima umbali kabla.

Bomba lisipowaka, mimi huzima risiva kutoka mbali, nachukua ufunguo, nasubiri nusu saa. Utambi unaweza kuwa unafuka ndani polepole pasipo moshi kuonekana. Baada ya hapo nakaribia kwa ubavu, sipitishi kichwa wala mkono juu ya mdomo wa bomba, namwaga maji ya kutosha, kisha naliacha tena lilowe. Haliwashwi upya usiku huo.

Mjomba wako ni mkubwa wako, basi usimkosoe mbele za watu. Mfuate mapema, siku ya kupanga vifaa, mwonyeshe ndoo ya mchanga, muwashe risiva yenu mara kumi pamoja na viberiti vitupu, aone kwa macho yake. Kisha mwombe rimoti. Mwambie: mjomba, mimi ndiye nitakayeinama, naomba nikae nayo mpaka nirudi hapa ulipo.