Maswali ya Wasomaji: Ndege za Kivita za Zamani

Katika toleo lililopita nilitaja, kwa aya moja tu, siku niliyopanda ndege ya mafunzo ya kijeshi aina ya Harvard huko Afrika Kusini, nikaendelea na mambo mengine. Sikudhani kwamba aya hiyo ingeleta barua nyingi kuliko yote niliyokwisha kuandika hapa kuhusu nauli, mizigo na safari zinazochelewa. Kwa kuwa nafasi ni ndogo nimechagua tano, na baadhi nimezifupisha.

Kapteni, shikamoo. Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia kwamba wakati wa vita vya Wataliani alikuwa Malindi, na watu wakakimbilia mashambani ndege zilipodondosha mabomu. Ni kweli, au ni ngano za wazee? Na ndege za wakati ule bado zipo zinazoruka? (Msomaji wa Langoni, Lamu)

Marahaba. Babu yako hakutia chumvi. Italia, ambayo wakati huo ilikuwa ikiitawala Somalia na imeikalia Ethiopia, iliingia vitani mwezi wa Juni 1940, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo ndege zake ziliipiga Malindi kwa mabomu. Jeshi la anga la Italia katika sehemu hizi za Afrika lilitegemea sana Caproni Ca.133 na Savoia-Marchetti SM.81, zote zikiwa na injini tatu na magurudumu yasiyokunjwa, ndege ambazo hata kwa viwango vya miaka ile zilikuwa zimeanza kuchoka.

Kwa upande wa pili kulikuwa na kinyume kinachonichekesha hadi leo. Jeshi la anga la Afrika Kusini lilileta Kenya ndege za kudondosha mabomu aina ya Junkers Ju 86, ambazo kabla ya vita zilikuwa zikibeba abiria wa shirika la ndege la Afrika Kusini. Junkers ni kampuni ya Ujerumani. Kwa hiyo Wataliani, rafiki wa Wajerumani, walipigwa na ndege iliyobuniwa na Wajerumani wenyewe. Ju 86 imebaki moja tu duniani, nayo imetulia katika makumbusho huko Sweden. Zilizobahatika zaidi ni Catalina, zile ndege zinazotua juu ya maji, ambazo Waingereza waliziweka Kipevu, Mombasa, kuanzia 1942 ili zisake nyambizi baharini. Chache kati ya ndugu zake bado zinaruka Ulaya na Marekani.

Mimi ni fundi wa mashine za boti. Niliona kwenye video watu wawili wakiizungusha rafadha, lile panga la puani la ndege ya zamani, kwa mikono kabla ya kuiwasha, polepole, huku wakihesabu. Je, wanaipasha moto? (Fundi, Mkomani, Lamu)

Wewe jibu unalijua, ila hujalihusisha. Umewahi kuletewa mashine iliyoingiwa na maji ndani ya silinda, mwenyewe akalazimisha kuiwasha, mkono wa pistoni ukapinda? Ndicho wanachokiogopa. Injini nyingi za ndege hizo zina silinda zilizopangwa duara kama miale ya jua. Harvard ina silinda 9, na Dakota, ndege ya mizigo na abiria ya injini mbili, ina 14 katika kila injini. Ndege ikilala siku kadhaa, oili huteremka yenyewe na kukusanyika katika silinda za chini. Oili, kama maji, haikubali kubanwa. Kwa hiyo rafadha huzungushwa kwa mkono, umeme wa plagi ukiwa umezimwa, na mkono ukihisi kizuizi mtu husimama hapohapo, plagi za silinda za chini hufunguliwa, na oili hutiririka chini. Kulazimisha ni kosa, na kuirudisha rafadha kinyume ni kosa pia, kwa sababu oili itasukumwa hadi kwenye bomba la kuvutia hewa, isubiri huko na irudi ndani injini inapowaka. Moshi mwingi unaouona inapowashwa ni oili ileile iliyobaki, inaungua.

Kapteni, nilisikia Harvard ikipita katika maonyesho. Mlio wake hausahauliki. Unatokana na nini? (Msomaji wa Watamu)

Hutoka kwenye rafadha zaidi kuliko kwenye injini. Injini yake ya nguvu farasi 600 huizungusha rafadha moja kwa moja, bila gia ya kupunguza kasi, na rafadha yenyewe ni ndefu. Injini ikipewa nguvu zote wakati wa kupaa, ncha zake hukaribia kasi ya sauti, na hapo ndipo hewa inapopiga kelele.

Naomba niongeze jambo ambalo mashabiki wa ndege za kale hulipita haraka. Mlio huohuo ulisikika juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kati ya 1953 na 1955, wakati kikosi cha Harvard cha jeshi la anga la Uingereza kilipokuwa kikidondosha mabomu madogo ya ratili 20 kwa wapiganaji wa Mau Mau. Mimi naipenda ndege hiyo kwa sababu nimeishika usukani, lakini siwezi kumtaka mzee wa Nyeri aufurahie mlio wake.

Shikamoo Kapteni. Najifunza urubani kwa Cessna 172. Mwalimu wangu hurudia kila siku kwamba asiyerusha ndege yenye gurudumu la mkiani hajawa rubani, na kwamba ndege za vita vya zamani hurushwa kwa miguu. Je, hayo si majivuno ya wazee tu? (Mwanafunzi, Malindi)

Marahaba, mwanangu. Majivuno yamo, sisi wazee tunayo ya kutosha, lakini mwalimu wako amesema kweli.

Cessna yako ina gurudumu puani, na uzito wake uko mbele ya magurudumu makuu mawili. Ikigusa ardhi ikiwa imepinda kidogo, uzito huo huivuta na kuinyoosha, hata ukiwa umezubaa. Harvard, Dakota, Spitfire ile ya kivita ya Waingereza, na karibu ndege zote za kivita za miaka ya 1930 zilijengwa kinyume: magurudumu makuu yako mbele, uzito uko nyuma yake, na gurudumu dogo liko mkiani. Mtazame hamali sokoni. Mkokoteni anaouvuta humfuata kwa utiifu, lakini akiusukuma kwa nyuma, mara huenda kushoto, mara kulia, na akichelewa kuurekebisha hujikuta ametazamana nao. Ndege ya gurudumu la mkiani ni mkokoteni unaosukumwa na uzito wake wenyewe, kwa kasi ya gari la barabara kuu. Ukiiacha igeuke kidogo, uzito huchukua nafasi na kuimaliza kazi, na ndege huzunguka kama pia, pengine ikilala juu ya bawa moja na gurudumu kuvunjika.

Ongeza upepo. Wewe ni mtu wa Malindi, umeona boti iliyotiwa nanga inavyogeuza omo kuuelekea upepo bila kuamriwa na mtu. Mkia wa ndege hufanya vivyo hivyo. Kaskazi likivuma kutoka baharini na kuikata njia ya kurukia kwa mshazari, ndege hizi hutaka kugeukia bahari tangu zinapogusa ardhi, nawe huna cha kuzizuia ila pedali, ambazo miguu haitakiwi kutulia juu yake hata kidogo.

Nguvu ya injini nayo ina matata yake. Katika Spitfire za mwanzo, zilizokuwa na injini ya Merlin, rafadha huzunguka upande ambao, rubani akiongeza nguvu za kupaa, pua hukimbilia kushoto, naye hukanyaga pedali ya kulia kwa nguvu. Baadaye zikaja Spitfire za injini ya Griffon, ambayo rafadha yake huzunguka upande wa pili. Rubani aliyezoea ya kwanza, mguu wake wa kulia ukienda wenyewe kwa mazoea, alikuwa akiisaidia ndege kutoka nje ya njia. Ndiyo maana marubani wa ndege hizi, hata wenye maelfu ya saa angani, hukaa ndani ya ndege iliyozimwa injini na kujisemea hatua moja baada ya nyingine, kama mtoto wa chuo anayerudia sura aliyoihifadhi.

Pua nayo huziba macho. Ndege ikisimama kwa magurudumu matatu, pua hutazama juu, na mbele huoni chochote ila bati la injini. Kwa hiyo rubani hutembea ardhini kwa kupinda kushoto na kulia ili achungulie pembeni. Spitfire haina hata nafasi ya kufanya hivyo kwa utulivu, kwa sababu vipoza maji vyake viko chini ya mabawa, ambako ndege ikiwa ardhini havipati upepo wa kutosha, na injini huchemka kabla hujapewa ruhusa ya kupaa. Marubani wa Spitfire hupenda viwanja visivyo na foleni.

Sasa kisa changu mwenyewe. Mwalimu alikaa mbele, mimi nyuma, ambako huoni hata lile bati, unaona kisogo cha mwalimu tu. Hewani Harvard ilikuwa nzito kidogo lakini yenye adabu; nilipinda, nikapanda, nikashuka, nikajiona fundi. Nilitua vizuri kuliko nilivyotarajia. Kasi ikapungua mpaka ikawa kama ya mtu anayekimbia, nami nikapumua, nikaanza kufikiria chai. Hapo pua ikahama upana wa kidole. Sikuiona, niliisikia kiunoni, na kabla akili haijaipeleka habari miguuni, pedali zilikwisha kukimbia chini ya viatu vyangu, kushoto, kulia, kushoto. Mwalimu hakusema neno. Tulipoegesha na injini kunyamaza, aliniuliza iwapo nilikuwa nimemaliza kurusha ndege pale niliposhusha pumzi, na sikuwa na jibu la heshima.

Dakota, niliyoikalia kiti cha kulia kwa muda katika safari za mizigo, ni ndege ya tabia nyingine. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 kama ndege ya abiria, vita vikaifanya mbeba askari, na ina wenzo maalumu wa kulifunga gurudumu la mkiani lisiyumbe kabla ya kupaa. Usukani wake una uzito wa jahazi lililojaa boriti: unaugeuza, unasubiri, kisha jahazi linakubali. Ukiisubiri hivyo haikutupi. Ningekuwa mwalimu wako ningekuanzisha na ndege ndogo ya gurudumu la mkiani, kwa muda wa saa kumi hivi angani, kabla hujaota Harvard.

Kapteni, assalaam aleikum. Mwanangu anaishi Uingereza na amenilipia nafasi ya kupanda Spitfire ya viti viwili nitakapomtembelea. Nina miaka 59, navaa buibui, na presha yangu hupanda kidogo. Jirani zangu wananiambia nakwenda kujiua. Niende? (Mama, Malindi)

Wa aleikum salaam, Mama. Anza na daktari wako, na umweleze mwanao aiambie kampuni kuhusu presha kabla ya siku yenyewe, maana kuificha ni hatari kuliko ndege.

Jirani zako hawana haki yote, lakini wanayo kiasi. Utatakiwa kutia saini kwamba umeelewa kuwa ndege hiyo haina kiwango cha usalama kinachotakiwa kwa ndege za abiria za kawaida. Isome karatasi hiyo, usiitie saini kama risiti ya dukani. Ajali zimetokea. Mwezi wa Agosti 2018, Junkers Ju 52 iliyokuwa na watalii ilianguka katika milima ya Uswisi, na wote 20 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba marubani waliruka chini mno ndani ya bonde jembamba. Mwezi wa Oktoba 2019, B-17, ndege ya zamani ya kudondosha mabomu, ilianguka Connecticut, Marekani, baada ya injini kupoteza nguvu, wakafa watu 7, na matengenezo mabovu yakatajwa miongoni mwa sababu. Katika visa vyote viwili uzee wa bati peke yake haukutosha kuua. Kwa hiyo mwulizeni mwenye ndege nani anaitengeneza, na rubani ana saa ngapi katika aina ileile ya ndege. Mwenye ndege akikasirikia swali, rudisheni tiketi.

Ukienda, utavalishwa suti ya rubani na parachuti, na utaonyeshwa namna ya kutoka. Chumba ni chembamba, mabega yako yatakaribia kugusa pande zote. Utanusa petroli na oili ya moto, na injini ya lita 27 utaisikia kifuani kabla ya masikioni. Rubani atakuuliza kama unataka abinue ndege juu chini. Kwa presha yako, mwambie hapana, na asikushawishi. Lakini akikupa usukani, upokee. Marubani wote niliozungumza nao kuhusu Spitfire husema kwamba ukifikiria kupinda, inapinda.

Buibui haitafaa ndani ya chumba kile, kwa sababu fimbo ya usukani iko mbele ya magoti yako na husogea rubani anapoisogeza ya kwake, na kitambaa kikinaswa hapo nyote wawili mko matatani. Suti yenyewe ni pana na yenye stara. Kichwani vaa mtandio ule wa kushonwa, unaoingia vizuri chini ya kofia ya rubani, na pini zote ziache nyumbani kwa mwanao, hata ile moja ndogo ya kidevuni, kwani pini ikidondoka huingia chini ya sakafu ziliko nyaya za usukani, na hapo safari haitaanza mpaka ipatikane.