Nipe mji: niliyojifunza kwa kuendesha chemsha bongo

Idd moja, miaka mitatu iliyopita, umeme ulikatika kwetu Tanga saa mbili usiku, pilau ndiyo kwanza imepakuliwa. Tulikuwa watu kama ishirini na tano, wengine sebuleni, wengine barazani, kila mmoja na simu yake. Kwa muda kilichoonekana gizani ni nyuso tu zilizomulikwa na vioo. Kisha chaji zikaanza kuisha moja moja. Bibi, aliyekuwa amejinyamazia kwenye mkeka, akaita: "Kitendawili!"

Wakubwa tukaitika bila hata kufikiri: "Tega!" Watoto wakatutazama kana kwamba tumepandisha mashetani.

"Mzee Kombe akilia watu hufurahi."

Kimya. Halafu mpwa wangu wa darasa la pili akauliza Mzee Kombe ni nani, anakaa wapi. Mmoja akasema ngoma. Mwingine akasema filimbi ya refa. Wa tatu, akiwa bado na hasira za televisheni iliyozimika, akasema jenereta, na nyumba nzima ikacheka kwa sababu kusema kweli usiku ule lilikuwa jibu zuri kuliko lenyewe.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

Watoto hawakujua mji unapewaje. Nikawanong'oneza. "Tunakupa Dubai!" Bibi akasonya: "Dubai nikafanye nini na mgongo huu?" Nairobi? Baridi. Dar es Salaam? "Nimetoka huko juzi, ile foleni siirudii." Mwishowe mmoja akasema Muheza. "Muheza sawa. Kuna machungwa." Basi akaenda Muheza. Alipofika akakuta wakulima wameshika tama, ardhi imepasuka, machungwa yamedumaa yamekuwa kama ndimu. Mara Mzee Kombe akaanza kulia huko juu, watu wakatoka nje wakacheza hadi nguo zikawalowa. Jibu ni mvua.

Mimi nilikuwa nimekaa na sahani yangu magotini, na nikaona aibu kidogo. Nitaeleza kwa nini.

Kabla ya usiku ule nilijiona fundi wa mambo haya. Kazini, siku ya familia za wafanyakazi, kipaza sauti nilipewa mimi. Mara ya kwanza niliingia na maswali arobaini niliyoyaokota kwenye intaneti nikayageuza Kiswahili usiku wa kuamkia sherehe. Mji mkuu wa Mongolia. Alama ya kemikali ya risasi. Kufika swali la kumi na mbili watu walikuwa wanaulizana nyama choma imefikia wapi. La kumi na tano likawa hili: ni kitu gani kilichojengwa na binadamu kinachoonekana kwa macho kutoka mwezini? Nikatangaza kwa kujiamini: Ukuta Mkuu wa China.

Mhasibu mmoja, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana, akanyoosha mkono. Akasema ukuta ule ni mrefu, lakini upana wake hauzidi wa barabara, na kutoka mwezini hauonekani. Akaongeza kwamba Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa na nchi yake angani, mwaka 2003, aliporudi aliulizwa kuhusu ukuta huo akasema hakuuona, na yeye hata mwezini hakufika, alikuwa anaizunguka dunia kwa karibu tu. Timu iliyokuwa imejibu "hakuna" ikadai pointi zake. Nikazitoa. Iliyobaki ya shughuli ile siikumbuki vizuri na sitaki kuikumbuka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unatoka kwenye mkeka wa Bibi. Swali la Mongolia ama unalijua ama unakaa kimya. La Mzee Kombe hata mtoto wa miaka saba ana la kusema, na akikosea kosa lake linakuwa sehemu ya starehe. Ukitaka maswali ya maarifa yachangamshe watu, tafuta yenye tabia hiyo: kila mtu adhani analijua, na walijue nusu.

Chukua Kilimanjaro. Ukiuliza mlima mrefu kuliko yote Afrika umepoteza swali. Ukiuliza urefu wake, mwalimu mmoja atasema mita 5,895 na wengine watamwachia. Lakini sema hivi: "Kilimanjaro ina vilele vitatu. Vitajeni." Kibo kitatoka hapo hapo. Mawenzi kitachukua muda, atakitaja aliyewahi kuishi Moshi. Cha tatu ndipo pana kazi. Nimesikia watu wakitaja Meru, Uhuru, hata jina la bia. Ni Shira. Hali kadhalika na Ziwa Tanganyika: uliza linapakana na nchi ngapi. Tanzania, Kongo na Burundi zitatajwa kwa mkupuo, kisha baraza litagawanyika kati ya Rwanda na Zambia, na watu wazima watachora ramani kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Ni Zambia.

Mengine mazuri ni yale yanayomfanya mtu afanye kitu kwa mwili wake. Uliza shingo ya twiga ina pingili ngapi za mfupa, kisha nyamaza uwatazame wakijipapasa shingo. Ni saba, sawasawa na zako. Au uliza ni herufi gani mbili za Kiingereza ambazo hazimo kabisa katika alfabeti ya Kiswahili. Chumba kizima kitaanza kunong'ona a, be, che, de kama madrasa. Q watu huipata haraka. X huwatesa.

Na usidharau la pweza. Mjomba wangu amekuwa akiuza pweza tangu sijazaliwa. Nilipouliza pweza ana mioyo mingapi, timu yake ikamgeukia kama shahidi mkuu. Akakunja uso. "Mikono minane naijua. Mioyo sijawahi kuuziwa." Ana mitatu: miwili inasukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja unaipeleka mwilini kote, na damu yenyewe ni ya buluu. Siku ya pili yake mjomba alituma picha ya pweza aliyepasuliwa mezani, imezungushiwa duara jekundu, na ujumbe: "Huu ni wa kwanza. Natafuta mingine."

Ukishapata maswali, yahakiki. Hapa sina utani, nimeshaumbuka. Hasa yahakiki yale ambayo jibu lake hubadilika, maana kila mtu anashikilia jibu la mwaka aliomaliza shule. Tanzania ina mikoa mingapi? Baba mkubwa atakupa idadi ya enzi zake na ataitetea kwa kidole cha shahada. Mwaka 2012 ilizaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, mwaka 2016 ikaja Songwe, na jumla sasa ni 31, mitano ikiwa ya Zanzibar. Jumuiya ya Afrika Mashariki ndiyo mbaya zaidi. Ilianza 1967 na nchi tatu, ikavunjika 1977, ikafufuliwa, zikaingia Rwanda na Burundi mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024. Nane. Andika jibu pamoja na mwaka wake kwenye karatasi, ili mtu akisimama umwoneshe karatasi badala ya kubishana naye.

Maswali ya mtego yana utamu wake, ila ni kama pilipili. "Uko kwenye mbio, umempita aliyekuwa wa pili. Wewe sasa ni wa ngapi?" Shemeji yangu alisimama kabisa akapiga kifua: wa kwanza! Tukamwambia basi akae, maana wa kwanza hajampita bado. Ni wa pili. "Mwezi gani una siku ishirini na nane?" Yote kumi na miwili. Ukiuliza mawili ya namna hii watu wanacheka. Ukiuliza matano wanaacha kufikiri. Kila swali linalofuata wanalikagua kama noti bandia, na hata ukiuliza jina la baba yao watasita.

Utaratibu sina mwingi. Maswali ishirini yanatosha, na yaishe wakati watu bado wanayataka. Simu zote ziingie kwenye kapu, kapu likae kwa mtu asiyeonewa huruma. Kwetu ni shangazi. Gawa timu kwa kuchanganya umri, usiache vijana wakae upande mmoja na wazee mwingine. Kijana anajua mambo ya jana, mzee anajua mengine, na sehemu ya raha ni kuwaona wakinong'onezana. Ili wazee wasiachwe, weka raundi ya methali: unataja nusu, timu inamalizia. Kwa akina mama tunafanya ya khanga. Mtu anasoma neno la kwanza tu la maandishi ya khanga aliyoivaa, wengine wanakisia yaliyobaki. Shangazi hajawahi kushindwa, na nina shaka kwamba anakariri makabati ya watu.

Zawadi usihangaike nayo. Tuliwahi kutoa doti ya khanga na kilo mbili za sukari, watu wakafurahi kiasi. Mwaka uliofuata tukasema timu itakayoshindwa itaosha vyombo vyote vya pilau, masufuria yakiwemo. Sijawahi kuona watu wazima wakifikiri vile.

Simba na Yanga: swali moja tu, na liwe la mwisho. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Nililiweka hilo katikati mara moja, nikadhani ni historia ya kawaida. Dakika ishirini zilikwenda kwenye suala la nani mkubwa wa nani, na chai ikapoa.

Na kama wakwe wapo, soma vitendawili vyako mapema kwa masikio yao. Viko vingi vyenye maana mbili, jibu lake ni halali kabisa, kinu na mchi tu, lakini njiani kuelekea kwenye jibu mawazo ya watu yanapita mahali ambapo baba mkwe na mkamwana hawapaswi kupita pamoja. Niliona mshereheshaji akitega cha namna hiyo kwenye send-off. Wazee wa upande wa bwana harusi walitazama viatu vyao hadi jibu likatajwa, na baada ya kutajwa wakaendelea kuvitazama.

Lakini jambo nililolichukua kwa Bibi na ambalo sitaliacha ni mji. Katika chemsha bongo za kawaida asiyejua anaonekana mjinga, mwendeshaji anasoma jibu, tunasonga. Katika kitendawili asiyejua analipa, na anacholipa ni mji, tena anaruhusiwa kuutafuta. Kushindwa kunageuka kuwa mchezo mwingine. Sasa hata maswali ya maarifa nayaendesha hivyo. Timu ikishindwa hainiambii "hatujui", inanipa mji. Nikiukataa natoa sababu, wanaleta mwingine, na nikiukubali lazima nisafiri hadi kwenye jibu kwa maneno yangu mwenyewe. Kwa Shira walinipa Bagamoyo. Ilinibidi nipande kutoka pwani hadi Moshi kwa miguu na msafara mzima. Atakayejaribu aanze na miji ya karibu, usafiri ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Kwa vitendawili vyenyewe, anza na vile ambavyo kitu kinachotegwa kiko pale pale. Tulipomaliza kula niliwategea: "Mpini mmoja, majembe hayahesabiki." Mkungu wa ndizi ulikuwa umening'inia jikoni, wanaupita kila wakienda kunawa. "Nina saa ambayo haijapata kusimama tangu kutiwa ufunguo." Moyo. "Kuku wangu katagia miibani." Nanasi. Baada ya viwili vitatu watoto wanaikamata njia: jina lingine, tabia ile ile. Hapo waachie watunge vyao, hata vikiwa vibovu.

Vingi vitakuwa vibovu kweli. Usiku ule wa kwanza mmoja alitega "kitu cheupe", basi, hakuna la zaidi. Lakini binti wa dada yangu, ambaye muda wote alikuwa amejikunyata mgongoni kwa Bibi, akaita kwa sauti ndogo: "Kitendawili."

"Tega!"

"Anaondoka bila kuaga, akirudi tunampigia makofi."

Baba, alisema mmoja. Akamwangalia baba yake kwanza, kisha akakataa. Mgeni. Hapana. Mjomba akasema mbunge, na tukacheka hadi jirani akauliza kwa dirishani kuna nini. Mtoto akatikisa kichwa, amejaa ukubwa. "Mmeshindwa. Nipeni mji." Dada yangu akampa Arusha. Akakataa, baridi. Tukampa Zanzibar. Akakataa, anaogopa boti. Shangazi akavuta pumzi atoe mwingine, na hapo hapo taa ya sebuleni ikawaka, feni ikaanza kuzunguka, mtaa mzima ukapiga kelele nyumba hadi nyumba, na sisi sote, bila kuambizana, tukapiga makofi.

Ilituchukua kitambo kuelewa tulichokifanya. Yeye alielewa mara moja, na midomo ikaanza kumtetemeka. "Sasa mji wangu?"

Bibi akampa Muheza.