Kutoa dinamo kufunga alteneta kwenye Massey Ferguson 35

Nimekuelewa ndugu, ukilima usiku na taa zimewaka dinamo, ile mashine ya zamani ya kuchaji betri, haitoshi na asubuhi betri imelala, ndo unataka alteneta inayochaji zaidi. Kwanza kabisa angalia betri, trekta nyingi za Kiingereza za zamani posi (chanya) ya betri ndo imefungwa kwenye bodi na alteneta za sasa zinataka nega (hasi), ukiunga bila kugeuza betri, dayodi, vile vipande vya ndani vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua papo hapo. Chukua alteneta yenye regulata (kidhibiti cha volti) ndani, kile kiboksi cha katauti kilichokuwa kinadhibiti dinamo kitoe kabisa. Waya mnene toka kituo cha B+ cha alteneta uende betri, mwembamba toka swichi ya kuwashia upitie taa ya chaji ndo ufike kituo cha L, hiyo taa usiiruke maana ndiyo inaiamsha alteneta. Puli za mkanda zikae mstari mmoja. Washa, pima kwenye betri, iwe kama volti 13.8 hadi 14.4, na usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma. Ukikuta waya zimechubuka gamba mwite fundi umeme, zinashika moto hizo.