Foraji, yaani kisima, si uchimbaji: usizitafsiri slaidi zako kwa mashine kabla hujasoma hii

Simama hapo hapo. Usibonyeze kitu.

Nimesoma swali lako mara mbili. Una slaidi 22 za Kifaransa kwenye Google Slides, wiki ijayo una mkutano na wanakijiji upande wa Likasi, huku kwetu Katanga, Kongo, kuhusu cahier des charges (ahadi ambazo kampuni ya madini inaandikiana na kijiji), na kuna Wazambia watakaotaka Kiingereza. Unauliza programu gani inatafsiri yenyewe, kama unakili faili mara tatu au ubananishe lugha zote kwenye slaidi moja, maandishi yawe ya ukubwa gani, na utafanyaje intaneti ikigoma. Waliokujibu hapo juu wanasema pitisha yote kwenye mashine, "halafu urekebishe kidogo". Hicho "kidogo" mimi kilinila dola 600 na nauli ya kurudi Lubumbashi.

Ilikuwa 2022. Kampuni moja ndogo ilinipa kazi kama yako: slaidi za Kifaransa zimekwisha tayarishwa ofisini, mimi nitoe za Kiswahili na Kiingereza, niende kijijini, niendeshe projekta. Dola 600 mkononi, 600 baada ya mkutano. Nikasema hii ni pesa ya kuokota.

Sikujiamini sana na mambo ya programu, basi nikamwendea mtaalamu mmoja hapa mjini. Simtaji. Ni yule mtu ambaye hata Jumapili anavaa kadi ya semina shingoni. Akanicheka: "Vieux (mzee), bado unatafsiri kwa mkono? Google inajua Kiswahili tangu 2009!" Ni kweli inakijua. Hata mimi namjua mfumu, chifu wa kile kijiji, lakini siwezi kwenda kuhukumu kesi zake. Akanionyesha ujanja wake: kwa vile Google Slides haikuwa na kitufe cha kutafsiri faili zima kama kilichopo kwenye Google Docs, unamwaga maandishi yote kwenye Google Sheets, sentensi moja kila mstari, unaandika =GOOGLETRANSLATE(A2;"fr";"sw"), unavuta mpaka chini, na slaidi 22 zimekwisha kabla kahawa haijapoa. Jambo pekee la kufaa aliloniambia siku ile ni kwamba faili likiwa limepangwa kwa Ufaransa unatumia nukta na mkato, likiwa la Marekani unatumia mkato. Hilo namshukuru. Mengine Mungu atamuuliza.

Nikanakili, nikabandika. Mistari myekundu ilijaa slaidi nzima kwa sababu kikaguzi cha tahajia kilidhani ni Kifaransa kibovu, nami nikaizima yote ili isinisumbue macho. Nikaondoa mbwa mlinzi nikalala usingizi mzuri.

Slaidi ya tisa ndiyo iliyoniua. Kifaransa kilisema: 3 forages dans le village, eau suffisante pour tous les ménages, yaani foraji tatu, visima vya kutobolewa kwa mtambo, na maji ambayo hayatapungukia nyumba yoyote. Habari njema kuliko zote katika mkutano ule! Watu wa pale wanatembea na bidoni asubuhi na jioni. Mashine ikatoa: "Uchimbaji 3 kijijini, maji ya kutosha kwa kaya zote."

Isome tena kama Mtanzania. Imekaa vibaya kidogo, lakini inapita. Sasa isome kama mama wa kijiji chetu cha Katanga. Uchimbaji, kwake, ni mashimo ya shaba. Na kutosha, mwanakatanga gani hajui? Kwetu kutosha ni kutoa, kuondoa. Tosha viatu, tosha takataka, tosha huyu mulevi hapa. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Katuba hapa Lubumbashi, nilisimama mbele ya watu kama mia, kwenye ukuta mweupe wa kanisa, nikawaandikia kwa herufi kubwa: machimbo matatu yanakuja katikati ya nyumba zenu, na kuna maji ya kuondolewa. Juu yake nilikuwa nimeweka picha ya mtambo mkubwa wa kutoboa ardhi. Niliichagua mwenyewe. Niliona inapendeza.

Kukawa kimya. Halafu mama mmoja wa mstari wa mbele, kitenge cha kijani, mtoto mgongoni, akasimama akasoma sentensi yangu polepole kwa kidole, kama anayehesabu deni. Akageukia wenzake: "Banakuya kutuchimbia pa manyumba. Na maji bataitosha. Shiye tutakunywa nini?"

Ndugu yangu, sijawahi kuona kanisa likiondoka kabla ya Amina. Nilipiga kelele "hapana, ni foraji, foraji ya maji!" lakini nani atamsikiliza mtu anayekana kitu ambacho ameandika mwenyewe ukutani? Vijana wakazunguka projekta. Mfumu, Mungu ambariki, akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye gari na kuniambia nirudi siku nitakayojua nimekuja kusema nini. Bwana wa kampuni, aliyekuwa amekaa nyuma na Kifaransa chake, aliniuliza njiani: "Mbona hawataki maji?" Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu ile 600 ya pili ikipeperuka dirishani. Mkutano ulirudiwa baada ya wiki tano, na mtu mwingine.

Najua mtacheka. Chekeni. Mimi nina diploma na Kiswahili ndiyo lugha niliyolilia nikiwa mtoto, ndiyo maana inauma. Nilikuwa najua maana ya kutosha tangu nina miaka miwili, na bado niliisoma sentensi ile mara nne nikaona iko sawa, kwa sababu nilikuwa na Kifaransa chake kichwani. Macho yanasoma Kiswahili, akili inajaza Kifaransa. Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na kubadilisha programu hakuutibu. Google, PowerPoint ya mtandaoni, Canva, zote zitakupa kitu kilichonyooka, na wewe utakipitisha kwa sababu tayari unajua kilitaka kusema nini.

Mashine yenyewe ina sababu zake. Kwa miaka mingi imekuwa ikipita Kiingereza katikati. Forage inaingia, inakuwa drilling, halafu inatoka "uchimbaji". Kisima kimebaki mpakani kama lori la Kasumbalesa. Carrière, ambayo hapa kila mtu anajua ni mahali pa kuchimba mawe, inaweza kukurudia ikiwa "taaluma". Tena Kiswahili ilichokisoma zaidi ni cha Dar es Salaam na Nairobi. Hakina kosa, ila si cha mama yule wa kitenge cha kijani. Kaya? Pale hakuna aliyejua kaya ni nini.

Sasa nakupa kitu kimoja tu, na kwangu ndicho chote: slaidi ya Kiswahili haitoki nyumbani kwako mpaka mtu asiyejua Kifaransa aisome na akueleze, kwa maneno yake, nini kitampata. Usimuulize "umeelewa?" Atakujibu ndiyo, kwa heshima, hata kama umemwandikia Kichina. Muulize: "Hapa wanasema watatufanyia nini?" Halafu unyamaze. Ukianza kumsaidia, umeharibu, kwa sababu siku ya mkutano hutakuwa masikioni mwa watu mia.

Mimi naenda kwa mama anayeuza bukari, ugali wetu, kwenye kona ya kwetu. Mara ya kwanza nilimpa simu na slaidi iliyosema "Matokeo ya zoezi la 2021". Kifaransa kilikuwa exercice 2021, mwaka wa hesabu. Akapangusa unga kwenye aproni, akaishika simu mbali na macho kama mtu anayesoma tangazo la msiba, akaniuliza: "Bo balikimbia mbio?" Nikafuta pale pale. Tukaenda mbele. Chiffre d'affaires ilikuwa "takwimu za mambo". Tukaandika pesa yote kampuni iliyopata kwa kuuza mwaka mzima, kisha ile asilimia 0,3 ambayo sheria ya madini ya 2018 inataka iende kwenye maendeleo ya wenyeji. Akauliza mwenyewe: "Kwa elfu moja, franga tatu?" Ndiyo, mama. Kwa elfu moja, franga tatu. Sasa hiyo ndiyo iliyo kwenye slaidi, na kila ninapoionyesha watu wanaanza kupiga hesabu bila kungoja nimalize. Cahier des charges tuliiacha hivyo hivyo kwa Kifaransa, chini yake tukaweka "kitabu cha ahadi za kampuni kwa kijiji", maana "daftari la mizigo" lilimfanya aulize nani atabeba.

Na ile ya maji, nilimpa nayo, kwa kulipiza kisasi juu ya nafsi yangu. Akasema andika: "Tutaweka foraji tatu za maji hapa kijijini. Maji itaenea kwa kila nyumba." Itaenea! Kwetu kuenea ndiko kutopungua, kumfikia kila mtu. Neno nililolisikia maisha yangu yote.

Habari ya kunakili faili mara tatu: mimi siku hizi natumia faili moja, slaidi ya Kiswahili, halafu ya Kifaransa, halafu ya Kiingereza, zimefuatana. Nakala tatu zikiwa mbali mbali utabadilisha kiasi kwenye moja na kusahau mbili. Kwa Wazambia wako usihangaike sana, wana watu wa kuwasomea, na wakikosea wataandika barua pepe. Kijiji hakiandiki barua pepe.

Ulikuwa umeuliza kitu kuhusu ukubwa wa maandishi pia, sijui na intaneti. Pakua faili kabla ya kuondoka mjini, basi. Nirudi kwenye jambo langu: hizo 22 zako, naweka dau kuna moja ya maji, moja ya kuhamisha watu, na moja ya pesa. Tatu hizo ndizo zitakazokupeleka kwenye gari ukiwa umeshikwa mkono. Nitumie hapa ile ya kuhamisha watu kabla ya Alhamisi. Mama yuko pale kwenye kona mpaka saa nane mchana. Bukari utalipa wewe.